Mpaka Apone

Wifi yangu alikuja kwangu na begi moja la kahawia siku ya tatu baada ya kumzika kaka yake, yaani mume wangu, na kabla sijampokea huo mzigo alinitangazia pale pale mlangoni kwamba hakai. "Sikai, wifi. Nimekuja kukushika mkono tu. Mambo yakitulia naondoka zangu." Nikamwambia haya, karibu, na moyoni nikasema hata yakitulia kesho mimi sina neno. Sitaki kujifanya malaika. Mimi na wifi yangu tulikuwa hatupikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi yangu, alipopaza sauti mbele za watu kwamba pindo la gauni la bibi harusi limeenda upande. Gauni nililolishona mwenyewe, kwa mikono yangu, mimi fundi cherehani! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa limeenda upande kweli.

Mambo yalitulia baada ya mwezi. Asubuhi moja wifi akavaa viatu vyake vya safari, akaja sebuleni na begi mkononi kuniaga. Akanikuta nimepiga magoti sakafuni mbele ya sungura.

Huyo sungura lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Marehemu alikuwa fundi rangi. Mwenye nyumba mmoja, alivyofurahia kuta zake, alimpa sungura mdogo wa kijivu akale kitoweo na mkewe. Mume wangu akaja naye ndani ya ndoo tupu ya rangi. Akakaa naye jikoni na kisu mkononi nusu saa nzima, kisha akarudisha kisu kabatini, akaniambia, "Huyu hachinjiki. Mtazame, ana uso wa mtu anayetaka kuhutubia." Na kweli, kila akitaka kusogea alianza kwanza na chafya mbili tatu, kama kiongozi anayesafisha koo kabla ya hotuba. Tukamwita Mheshimiwa. Tulicheka sana na zile chafya. Hatukujua kwamba zile chafya ndizo ugonjwa wenyewe.

Sasa asubuhi hiyo ya kuagana, Mheshimiwa alikuwa anapumua mdomo wazi, mbavu zinakwenda mbio, pua imeziba kwa makamasi meupe. Wifi akasimama akamtazama. Huyo sungura ndiye kiumbe pekee aliyebaki duniani ambaye kaka yake alimlisha kwa mkono wake. Akavua viatu, akasukuma begi nyuma ya mlango.

"Nitakaa mpaka apone," akasema.

Nikamwita daktari wa mifugo. Ni binti wa miaka thelathini hivi, mpole, anayekuja na buti za mpira zenye matope kwa sababu kutwa yuko mazizini. Siku ile ile alikiri, "Mama, mimi nimezoea ng'ombe na kuku. Sungura niliwasoma kurasa chache tu." Nikampenda hapo hapo. Daktari anayesema hajui nilikuwa sijapata kumwona. Alikwenda akasoma, akarudi baada ya wiki, akatuketisha. Akasema mafua haya yameshajenga nyumba ndani ya pua na mapafu. Yatatulizwa, lakini hayaponi. Na meno ya nyuma yameota vibaya, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kuota mpaka anakufa, na yake hayasagani sawasawa. Yatakuwa yanakwanguliwa kila baada ya wiki kadhaa, akiwa amechomwa sindano ya usingizi kidogo.

"Hayaponi kabisa?" nikauliza.

"Kabisa, mama. Ni kumtunza tu."

Nikamwangalia wifi. Wifi akaangalia dirisha. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyelitaja.

Basi ikawa miaka minne. Miaka minne, na yule mwanamke hakuwahi kutundika nguo yake hata moja kwenye kabati langu. Anatoa gauni begini, analivaa, analifua, analipiga pasi, analikunja, analirudisha begini. Nilimwambia mara moja, "Wifi, kabati lina nafasi." Akanijibu, "Za nini? Mimi ni mpita njia." Nikamwambia mpita njia gani anayejua mpaka kiberiti changu nakificha wapi. Akacheka, lakini nguo hakutundika.

Kazi tuligawana. Asubuhi tulimpeleka Mheshimiwa bafuni, tunafunga mlango, tunaweka beseni la maji ya moto tukakaa naye kwenye mvuke mpaka pua izibuke, watu watatu na nusu wakitokwa jasho, alivyokuwa anasema wifi, yeye akijihesabu wawili kwa sababu ya unene wake, na sungura nusu. Kisha kumfuta pua, kumwosha mikono ya mbele, maana sungura hana leso, anajifutia mikononi na manyoya yanagandamana. Kisha kumlisha. Majani laini alikula mwenyewe siku akiwa mzima. Siku meno yakimuuma tulimsagia chakula chake kikawa uji, tukamnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo. Ili asipige mateke nilimshonea koti: kitambaa kizito, vifungo vya kubana chini ya tumbo, na kola ya kumshika shingo na mataya yasiyumbe. Wifi anashika, mimi nanywesha.

"Mshike vizuri bwana, unamshika kama mkate wa moto."

"Na wewe unamlisha kama unatia mafuta cherehani. Taratibu! Ana koo, hana tundu."

Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Siwezi kusema tulipendana siku fulani. Nilishtukia tu kwamba nikishona peke yangu sebuleni na wifi yuko nje, nyumba inanikera.

Mwaka huu mambo yakaharibika. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, akavua kile chombo chake masikioni, akasema, "Mapafu yamechoka. Simchomi tena usingizi. Nikimlaza, haamki." Tukamuuliza na meno je? Akasema meno tutayaacha, tumpe uji, tuone. Tukabaki na uji na mvuke, kutwa mara nne, na mimi kila Jumamosi nampima. Mizani ya kumpimia uzito hatukuwa nayo, na sikuona haja yake, maana nina futi. Maisha yangu yote nimepima watu kwa futi. Namjua aliyenenepa na aliyekonda kabla hajafunga mlango.

Jumamosi moja kola ikagoma kufunga. Nikarudia, ikagoma. Nikapitisha futi mashavuni, nikaona imezidi robo inchi. Jamani, furaha niliyoipata!

"Wifi! Wifi, njoo! Shavu limejaa!"

Akaja mbio kutoka jikoni mikono ina povu. Akamtazama, akamgusa upande wa kushoto kwa kidole, taratibu, akaanza kuchekacheka na machozi yanamtoka. "Limejaa kweli. Uji umemkubali. Ona anavyonawiri!" Sisi tumekulia hivyo. Mtu akitoka kuumwa, cha kwanza kumsifia ni mashavu. Mashavu yakijaa, amepona. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kutufundisha, tunalijua tu.

Nikakaa kwenye mashine, nikafumua kola, nikaongeza kitambaa. Niliongeza upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na shida, ulifunga vizuri kama zamani. Jumamosi iliyofuata nikaongeza tena, kushoto tena, huku naimba. Mimi ninayemwona mteja bega lake moja limeshuka kabla hajaketi! Niliona, jamani. Niliona upande mmoja tu umejaa, nikajiambia wa pili unakuja.

Jioni moja nikamkuta wifi amelivuta begi katikati ya chumba, analifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Alisema mwenyewe, bila kugeuka, "Akishapona vizuri, wifi, sitakuwa na sababu tena ya kukubana." Nikasema, "Haya." Nikatoka nikaenda kukaa kwenye cherehani, nikashona mkono wa shati la mteja kinyume, ikabidi niufumue. Nilikuwa nataka sungura apone na nataka asipone. Nasema ukweli wangu.

Daktari alipokuja tulimvalisha Mheshimiwa koti, tukamkalisha juu ya meza ya kukatia nguo kama mgeni rasmi. Wifi akasema, "Tazama mwenyewe, daktari. Shavu hilo!"

Daktari alitabasamu, akamsogelea, kisha tabasamu likakatika. Hakutazama shavu kwanza. Alitazama koti. Akashika kola kwa vidole viwili.

"Mama, hii kola mbona imeenda upande?"

Wifi akanitazama, mimi nikaitazama kola yangu. Nilijua hata kabla daktari hajafungua vifungo na kubonyeza lile shavu. Mheshimiwa alisaga meno, sauti kavu, akafumba macho.

"Ni jipu," akasema. "Mzizi wa jino umetoboa taya. Limeanza lini?"

"Wiki mbili," nikasema. "Tulidhani ananenepa."

Akamvua koti lote. Akachukua mkono wangu, fundi wa futi, akaupitisha mgongoni kwa sungura wangu mwenyewe. Chini ya manyoya kulikuwa na uti wa mgongo, kifundo kwa kifundo. Manyoya yake mazito yalikuwa yamenidanganya, na mimi nilikuwa nimekubali kudanganywa. Amebaki mifupa.

"Basi lipasue," wifi akasema. "Jipu si linapasuliwa?"

"Usaha wa sungura hautoki kama wa mtu, mama. Ni mzito kama kipande cha sabuni. Lazima nichimbe, ning'oe jino. Lazima alale."

"Mlaze basi."

"Mapafu hayawezi."

"Tibu mapafu kwanza!"

"Mapafu yanataka ale apate nguvu."

"Na kula kunataka jino," nikamalizia mimi. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza. "Sasa wewe daktari, unaanzia wapi? Mimi mashine ikinisumbua naifungua, naanza na skrubu ya kwanza. Wewe unaanzia wapi?"

Binti wa watu akasimama na buti zake za matope, macho yamejaa. "Hapana pa kuanzia, mama," akasema. "Ningejua pa kuanzia ningekuwa nimeshaanza."

Nikamuuliza, kama ningemwita wiki mbili zilizopita, ingekuwaje? Akasema isingebadilisha kitu. Aliniambia hivyo mara mbili, na mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Akaacha dawa ya maumivu na dawa ya usaha, akasema tujaribu siku tano. Tukajaribu. Kama kuna kitu ambacho hatukukifanya katika siku zile tano, mtu aje aniambie. Wateja niliwafungia mlango. Tulimkalisha kwenye mvuke, tukamnywesha dawa, tukamweka kifuani kwa zamu apate joto. Wifi alimwimbia. Mimi nilimgombeza, maana ndiyo lugha niliyopewa. "Meza! Meza nasema, we mkaidi, umepata wapi ukaidi wote huu? Nimesaga kwa mikono yangu, hujui nimesaga?" Uji unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili, unamchuruzika shingoni kwenye ile kola yangu mbaya. Siku ya tano, mchana, niliminya bomba kidogo tu na akapaliwa. Akanyanyua kichwa, akafungua mdomo akitafuta hewa, na hewa haiji. Wifi akampigapiga mgongoni, mimi nafuta pua, nafuta mdomo, nafuta tena. Ikarudi ile hewa, lakini kidogo. Akatutazama. Sungura hana sauti ya kulalamika. Laiti angekuwa nayo angetutukana, na mimi ningeshukuru.

Niliweka bomba chini.

"Wifi," nikasema.

"Usiseme."

"Wifi, tunamtesa."

"Nimesema usiseme!" Akamkumbatia, akanigeuzia mgongo wake mpana. Nilikuwa nasikia pumzi ya sungura nikiwa nimesimama upande wa pili wa chumba, inakwaruza. Kisha wifi akasema bila kunigeukia, "Kaka yangu alishindwa kumchinja. Alikaa na kisu nusu saa, si uliniambia? Mimi nitaweza vipi?"

"Hatumchinji. Tunamwita daktari."

"Ni yale yale."

"Ni yale yale," nikakubali.

Mwishowe alipiga simu yeye. Alisema, "Daktari, njoo na ile dawa," akakata.

Daktari alifika kabla ya jioni. Tulimlaza Mheshimiwa kwenye meza ya kukatia, juu ya koti lake, tukalifungua vifungo vyote. Wifi alimshika, kama kawaida. Mimi sikuwa na cha kunywesha, nikashika mguu. Kabla ya sindano alipiga chafya mbili, na wifi akasema, "Haya, Mheshimiwa, tunakusikiliza." Daktari akageuka ukutani kidogo, kisha akageuka akafanya kazi yake. Haikuchukua muda. Ile sauti ya kukwaruza, tuliyoisikia miaka minne, ikanyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko kitu chochote tangu siku ya mume wangu. Nililia kama mtoto. Nililia shavu, nililia kola, nililia wiki mbili nilizoimba.

Tukamvalisha koti lake, tukamzika nyuma ya nyumba ndani ya ndoo ile ile ya rangi. Nilitaka kunyoosha kola kwanza, nikatoa mkasi, wifi akanishika mkono. "Iache," akasema. "Anajua ni wewe uliyeshona."

Kesho yake asubuhi niliamka nikachemsha maji ya beseni. Yalipochemka ndipo nilipokumbuka, nikayamwaga. Nikakaa kwenye cherehani na sikushona kitu. Chumbani kwa wifi nilisikia mlango wa kabati, hapana, wifi hana kabati, ilikuwa ni begi. Anakunja nguo. Nilimhesabia gauni kwa gauni, nayajua yote, mengine nimeyatia viraka mimi. Nilitaka niende nikamwambie usiende. Neno moja tu. Lakini mwanamke huyu nimegombana naye miaka ishirini, nikamwambia usiende kwa mdomo gani? Yeye alisema mpaka apone. Hakusema chochote kuhusu asipopona.

Akatoka amevaa viatu vya safari, begi mikononi. Akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia.

"Wifi, zipu imekataa," akasema. "Inafika katikati inagoma. Nitazamie."

Nikavuta taa ya mashine karibu. Haikuwa na ugonjwa wowote ile zipu. Uzi mmoja wa bitana, kile kitambaa cha ndani ya begi, ulikuwa umeingia kwenye meno yake, uzi mmoja, kitu ambacho hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza angekichomoa kwa kucha. Nikauchomoa. Nikajaribu kichwa cha zipu kidogo, kikateleza bila shida. Nikakirudisha pale pale katikati, nikaweka mkono wangu juu yake.

"Hii zipu inaumwa," nikasema.

Wifi akanitazama. Anaijua kazi yangu, amekaa karibu na mashine hii miaka minne. "Inaumwa sana?"

"Sana. Meno yake hayasagani. Huwezi kusafiri nayo hivi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utaniachia hapa. Mpaka ipone."

Alisimama pale, na nilimwona anatazama zipu, anatazama mkono wangu, anautazama ule uzi uliokuwa mezani wazi kabisa mbele yetu wote wawili. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Basi usiifanye haraka haraka," akasema. "Wewe ukifanya haraka, vitu vinaenda upande."